Mwenye Tundu Kwanza

Yule mzee wa koleo wa pale stesheni amefariki. Habari nilipewa Jumanne iliyopita, asubuhi, na mama anayekaanga mikate ya mafuta karibu na ngazi za jengo lile. Nilikuwa nimekwisha toa karatasi mfukoni, kama tulivyozoea sote tunaopitia pale kutafuta basi, na nilikuwa nimeinyoosha mbele yangu kabla hata ya kuinua macho. "Rudisha tu karatasi mu mufuko, papa," akaniambia bila kuacha kugeuza mikate yake. "Muzee hatakuya tena. Alilala, hakuamuka." Nikaangalia pale pa siku zote, kwenye lango la chuma. Lango lilikuwapo, mzee hakuwapo, na watu walikuwa wanapita watatu kwa mara moja, mabegi yamenasana, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Nilibaki na karatasi yangu mkononi. Ilikuwa kadi ya mwaliko wa harusi iliyokwisha pita zamani.

Nimejiuliza siku kadhaa kama mimi ndiye wa kuandika juu yake. Mimi si mtu wa shule nyingi. Darasa niliacha kabla ya kufika mwisho wa sekondari, na kazi hii ya safu nilijifunza kwa kuandika kila siku katika daftari mambo niliyoyaona, hata yasiyo na maana, mpaka mtu mmoja wa gazeti akasema hayo yasiyo na maana ndiyo anayoyataka. Tena sikuwa rafiki yake hasa. Tulisalimiana, tukagombana mara mbili, tukapatana mara moja na nusu. Wako waliomjua kuliko mimi, lakini hao hawaandiki. Basi msomaji anivumilie. Sitamtaja mtu kwa jina, na kama nitakosea, nitajitahidi kuzikosea pande zote sawasawa.

Wasomaji walio mbali huenda hawajui stesheni yetu ya Lubumbashi imekuwa kitu gani sasa. Jengo ni lile lile la zamani, la matofali, lenye paa refu linalofunika jukwaa la kungojea treni. Treni yenyewe bado ipo. Inakuja siku inayoichagua yenyewe, na ikija watu wanatoka nyumbani kwenda kuitazama, kama anavyotazamwa mjomba aliyekaa ugenini muda mrefu. Lakini katikati ya treni moja na nyingine, jengo haliwezi kukaa bure katika mji wa watu wengi namna hii. Ndani ya ukumbi kuna mwenye fotokopi, kuna kinyozi, kuna wauza vifurushi vya simu, kuna mama wa dawa za mizizi. Na mbele, kwenye uwanja ule ambao zamani walisimama wachukuzi wa mizigo, ndipo yanapopangana mabasi madogo ya Katuba, ya Ruashi, ya Makomeno, ya Luano kwenye ndege, hata yale ya kwenda Likasi na Kambove. Mtu akisema leo "naenda ku gare", yaani stesheni, jua kwamba treni hayuko nayo kichwani hata kidogo.

Mzee wetu alikuwa mtoboa tikiti. Baba yake aliletwa kutoka kaskazini mwa Katanga kuja kuifanyia kazi njia ya reli, yeye akazaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akabatizwa huko, akaajiriwa huko, akapewa kofia na koti na lile koleo, pince kama alivyoliita, linaloacha tundu dogo lenye umbo la haragwe. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye lango la chuma, kati ya ukumbi na nje, na kumtobolea tikiti kila msafiri. Treni zilipoanza kuwa adimu, hakuna aliyemwambia aache kusimama. Kwa haki, niseme pia hakuna aliyemwambia aendelee. Akaendelea. Na kwa kuwa waliopita langoni sasa walikuwa watu wa mabasi, akawaomba karatasi watu wa mabasi. "Papa, mi siko na tiketi, minaenda Katuba," watu walimwambia. Naye akajibu: "Sikuuliza kama uko na tiketi. Minauliza karatasi." Basi watu wakatoa chochote: bulletin ya mtoto, yaani ripoti ya shule, kadi ya kliniki, bahasha tupu, kurasa za nyimbo za kwaya. Mzee alichukua, akamtazama mtu usoni, akatazama karatasi, akamtazama mtu tena, kisha tak, haragwe. Pita.

Msije mkafikiri kwamba wakubwa wa mji walikaa wakaamua jambo hili. Lilijiamua. Kabla ya hapo, kupanda basi pale kulikuwa vita; watu waliingia kwa dirisha, na mimi mwenyewe nimewahi kuingia kwa dirisha nikatokea kwa dirisha la pili. Lakini wale waliopita mkononi mwa mzee walitoka mmoja mmoja, hawana jinsi ya kutoka watatu. Siku moja kondakta mmoja wa basi la Ruashi, amechoka kuchanwa shati, akasimama mlangoni akasema: "Mwenye tundu kwanza. Asiye na tundu, angoje." Mwenye basi la Katuba akasikia, naye akasema hivyo hivyo. Mwezi haukwisha, uwanja mzima ukawa na sheria, na sheria yenyewe ilikuwa tundu la haragwe.

Mimi nilikutana naye nikiwa sina karatasi nyingine ila safu niliyokuwa napeleka gazetini, imeandikwa kwa mkono, kurasa nne. Nikampa. Wengine alikuwa akiwatazama na kuwatobolea, yangu aliisoma. Aliisoma yote, watu wamejipanga nyuma yangu wanaguna, na alipomaliza akasema: "Hii iko murefu." Nikamwambia ni safu, ndivyo zilivyo. "Bantu ba gare beko na haraka," akasema. "Fupisha." Akatoboa. Nilipofika kwenye basi nikakuta haragwe limeangukia katikati ya sentensi niliyokuwa naiona nzuri kuliko zote, ile niliyoipamba siku mbili. Nilikasirika mpaka Makomeno. Halafu nikaisoma safu bila ile sentensi, nikaona haikupungukiwa na kitu. Sikumwambia kamwe. Leo namwambia, na najua nimechelewa.

Kisa cha pili wengi wanakijua, lakini wanakisimulia kwa kuongeza chumvi, nami nilikuwapo. Siku moja alikuja mtu mkubwa, mwenye suti na walinzi wawili, anakwenda Luano kupanda ndege, gari lake limekufa pale pale mbele ya stesheni. Akaamua kuchukua basi. Walinzi wakatangulia kumfungulia njia. Mzee akasimama katikati ya lango. "Karatasi," akasema. Mheshimiwa akacheka, akamwonyesha simu, akaeleza kwamba tikiti yake ya ndege iko mle ndani. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu. Akaigeuza. Akaitazama ubavuni, akaitazama mgongoni, akaijaribisha kwenye mdomo wa koleo, na mlinzi mmoja akafumba macho. Kisha akairudisha. "Mheshimiwa, hii haina fasi ya kutobola." Mheshimiwa akasema ana haraka. "Njo maana fotokopi iko pale," akajibu mzee, akamwonyesha ukumbini. Na kweli mheshimiwa akaenda, akapanga foleni nyuma ya mwanafunzi mwenye cheti cha kuzaliwa, akachapisha tikiti yake, akarudi, akatazamwa usoni, akatobolewa. Mwenye fotokopi ameninong'oneza mara nyingi kwamba biashara yake ilianza siku ile. Kwa haki ya mheshimiwa, baadaye alinitumia neno kwamba alikubali kwa heshima ya uzee tu, wala si kwa kushindwa. Naliandika kama alivyolisema. Nilichokiona mimi ni kwamba alipopewa karatasi yake yenye tundu, aliipuliza ili vumbi litoke, akaiweka mfuko wa ndani.

Nisimfanye malaika, maana hata mke wake hakubali. Alikuwa mkaidi. Alimtobolea mtu karatasi ya hospitali mahali palipoandikwa kipimo cha dawa, na mtu yule akarudi kuulizia kama ni kijiko kimoja au vitano. Alikataa karatasi iliyokunjwa mara nne, akasema karatasi ni kama muntu, haikunjwi hivyo. Na bila sababu niliyowahi kuielewa, alikataa karatasi za rangi ya waridi.

Sasa nifike kwenye msiba wenyewe, maana ndipo nilipoingizwa katika jambo lililonizidi.

Nilikwenda kwenye kilio Jumatano. Hema limefungwa uani, viti vya plastiki, akina mama wa parokia wanaimba, na mjane ameketi juu ya mkeka na lile koleo mapajani, limefungwa katika kitambaa cheupe. Mbele yake amechuchumaa rais wa madereva wa uwanja wa stesheni, mtu mkubwa wa mwili mwenye sauti iliyokauka kwa kuita abiria, na kofia yake ameishika mkononi. Alikuwa amekuja kuliomba koleo. "Mama, shiye tunalia muzee sawa vile mweye munalia," alikuwa anasema. "Lakini toka jana bantu banaanza tena kuingia mu madirisha. Kioo yangu moja ilisha kuvunjika. Bila ile pince, ku gare itakuwa vita."

Mjane hakupandisha sauti. "Mwanangu, bwana yangu alilala na hii chuma chini ya muto miaka yote tulikuwa mu ndoa. Siku moja niliiweka mu kabati, sababu ilikuwa inaniumiza shingo. Hakufunga macho mpaka asubui. Ukibeba hii, kule atalala namna gani? Tutaiweka mu sanduku pamoja naye."

Kisha rais wa madereva akaniona, na kwa bahati mbaya akakumbuka kwamba mimi naandika. "Papa iko hapa," akasema, "yeye anakuwaka mwenye haki mu gazeti. Aseme." Na mjane, badala ya kukataa, akanigeukia. "Sema basi, papa."

Nimeandika miaka mingi kuhusu haki, lakini sijawahi kuombwa itoke mdomoni saa ile ile. Nikatoa daftari. Nikachora mstari katikati ya ukurasa, upande huu nikaandika sababu za mama, upande ule sababu za madereva. Upande wa mama: usingizi wa marehemu. Upande wa madereva: madirisha, na watu wanaoumia. Nikajaribu kuongeza kila upande, nikakuta kila nikiongeza huku naona haya, naongeza na kule. Mwisho zikawa sawasawa. Nikauliza kama koleo lile, kwa kuwa lina mikono miwili, haliwezi kufunguliwa msumari wake wa katikati. Mjane alinitazama kwa huruma. "Papa, kunywa maji," akasema. Basi tukakubaliana tu kwamba jambo litakatwa makaburini, kabla ya udongo.

Ijumaa, siku ya kuzika, walikuja bajukulu. Kwa msomaji asiyejua desturi yetu: bajukulu ni watu walio upande wa wajukuu kwa marehemu, si lazima kwa damu wala kwa umri, na msibani wao wana ruhusa ambayo mwingine hana. Sisi tunalia, wao wanachekesha. Wanavaa nguo za marehemu, wanamwigiza alivyotembea na alivyosema, wanalizuia sanduku lisitoke mpaka waridhike, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Kiongozi wao safari hii alikuwa mama mmoja muuza unga, mnene, mwenye miaka mingi kuliko mjane mwenyewe, lakini kwa mpango wa ukoo alikuwa mjukuu wa marehemu, na kwa hiyo alimwita marehemu bwana yake na mjane mke mwenziwe, yaani mbanda. Alifika amevaa koti la reli lisilofunga vifungo, na kofia imekaa juu ya kilemba. "Mbanda, leta kazi ya bwana yetu," akamwambia mjane, na kabla mjane hajajibu, koleo likawa mkononi mwake.

Akaenda kusimama kwenye mlango wa ua, miguu ameipanua, akasema kwa sauti ya mzee kabisa, hata mbwa wa nyumbani alinyanyua masikio: "Karatasi." Sanduku likasimama. Waliolibeba wakabaki wamelibeba. Mtu wa kwaya akatoa kurasa za nyimbo. Mama mjukuu akamtazama usoni, akatazama karatasi, akamtazama tena, tak. Katekista akatoa kalenda ya parokia. Tak. Watu waliokuwa wakilia walianza kucheka huku machozi yangali mashavuni, na mimi nikacheka, naliandika bila aibu. Mpwa wa marehemu, kijana mtulivu anayefundisha shule, ndiye aliyeshika karatasi zote za mazishi. Alipofikiwa, akatoa mfukoni ya kwanza iliyokuja mkononi. "Hii iko safi," akasema mama mjukuu, "haikukunjwa." Tak. "Bon, treni inaweza kuenda. Iko na retard, inachelewa kidogo tu." Sanduku likatoka, tukapanda mabasi, na madereva siku ile walipiga honi njia yote.

Mlangoni mwa makaburi kulikuwa na misiba mitatu mbele yetu. Tukangoja. Mlinzi wa pale ana meza ndogo, mhuri, na jalada nene la karatasi. Zamu yetu ilipofika, mpwa akampa ruhusa ya kuzika. Mlinzi akaishika, akaiinua kwenye mwanga. Jua likapita katikati na kuacha haragwe dogo la mwanga juu ya paji la uso wake.

"Hii karatasi ilisha kutumika," akasema.

"Namna gani ilisha kutumika?" akauliza mpwa. "Marehemu njo huyu hapa."

"Shiye hapa tukisha kuzika muntu, tunatobola karatasi, tunaiweka mu classeur. Hii ilisha kutobolewa. Maana yake huyu alisha kuzikwa."

"Na mu sanduku iko nani?"

"Njo kile mi minauliza."

Nisimlaumu mlinzi. Baadaye aliniambia kwamba watu wamewahi kumletea karatasi ya marehemu mmoja ili wamzike mwingine, na yeye ndiye aliyeulizwa maswali. Lakini pale, juani, na akina mama wamechoka kusimama, hakuna aliyeifikiria shida yake. Rais wa madereva akajipenyeza mbele, akalifungua lile jalada mezani bila kuomba ruhusa. "Angalia, chef. Classeur yako inabeba matundu mbili. Hapa iko moja tu."

Mlinzi akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri. "Basi," akasema, "balimuzika nusu."

Hapo mambo yakaharibika. Wabebaji wakaweka sanduku chini. Mpwa akaanza kueleza habari ya bajukulu, mlinzi akamuuliza ni mjukuu gani huyo aliyetoboa karatasi ya serikali, na mama muuza unga, ambaye asubuhi alikuwa mwenye nguvu kuliko sisi wote, nilimwona anasogea polepole nyuma ya basi la Kambove, kofia ameificha chini ya kanga. Msafara wa msiba wa tano ukafika nyuma yetu na kuanza kuuliza kwa nini foleni haisogei. Mlinzi akasema twende kutafuta karatasi nyingine mjini, turudi Jumatatu. Jumatatu. Nilimwangalia mjane. Nikafungua daftari, nikalifunga.

Mjane akajipitisha katikati ya wanaume, akafika mezani, akaichukua ile karatasi. "Mwanangu," akamwambia mlinzi, "uliisha kupanda treni?"

"Nilikuwa mutoto, mama. Ya kwenda Likasi."

"Balikutobolea tiketi wakati gani? Wakati wa kutoka, ao wakati wa kufika?"

Mlinzi akafikiri tena. "Wakati wa kutoka."

"Na wakati wa kufika?"

"Wakati wa kufika balibeba tiketi yote."

"Bon. Huyu ni mufanyakazi ya reli. Balimutobolea pa kutoka ku nyumba, juu ya safari. Hakufika bado. Sasa njo anafika. Beba tiketi yake."

Sijui kama mlinzi alishawishika, au alikumbuka ile safari ya Likasi, au aliona tu kwamba msiba wa sita unaingia. Nilichoandika daftarini ni alichofanya. Alisimama. Akatengeneza kola ya shati lake. Akaipokea ile karatasi kutoka kwa mjane kwa mikono miwili, akaigonga mhuri, akaitoboa tundu la pili kwa mashine yake ya mezani, akaiweka jaladani. "Pita, mama," akasema. Na sanduku lilipokuwa linapita, akavua kofia.

Ikabaki lile la koleo. Pale kaburini, baada ya padri kumaliza, mama muuza unga alitoka alikojificha, akalifuta kwa pembe ya kanga, akamrudishia mjane. Kaburi limefunguka, rais wa madereva amesimama na kofia yake mkononi. Kila mtu alijua neno la mjane tangu Jumatano. Naye akalinyoosha koleo juu ya shimo, akalishika hivyo muda mrefu, mpaka nikadhani limemshinda kuliachia.

"Nilikuwa naangalia huyu mulinzi wa pa mulango," akasema mwishowe, kama anayezungumza na mmoja tu aliye chini. "Nikafikiri. Kule fasi unaenda, kwiko mulango. Na pa ule mulango kwiko mwenyewe, na funguo yake, na kitabu yake. Weye nakujua. Ukifika na hii chuma, utasimama pembeni yake, utaanza kuomba bantu karatasi. Atakuambia uache, hautaacha. Mutagombana, utabaki inje." Akalirudisha koleo kifuani. "Enda mikono bule, papa. Ingia. Lala."

Kisha akageuka, akaliweka katika kofia ya rais wa madereva. Rais alilia kwa sauti ile ile ya kuita abiria wa Ruashi. Mama muuza unga akamwambia asimlilie bwana yake namna ile, watu watasema walikuwa na mambo.

Jumatatu hii nilikwenda stesheni kuona. Rais mwenyewe alikuwa langoni, koleo mkononi, jasho linamtoka. Anatoboa kwa kasi ajabu, karatasi tatu kwa mkupuo, macho yako kwenye mabasi, mdomo unaita Katuba, Katuba. Na hata hivyo watu walikuwa wanasukumana, wenye tundu na wasio na tundu, na mlango wa basi la kwanza ulikuwa umejaa viwiko. Nikasema moyoni, basi, mama ameitoa chuma yake bure. Halafu ikafika zamu ya bibi mmoja mwembamba, amebeba kuku ndani ya mfuko, na karatasi yake ni kipande cha kalenda. Rais akainyakua atoboe. Bibi hakuiachia. Wakaishika wote wawili.

"Angalia mi kwanza, papa," akasema bibi. "Kiisha njo utobole."

Rais akasimama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile kumwona mtu mmoja. Akamtazama usoni, akatazama karatasi, akamtazama tena. Tak. Bibi akapita taratibu na kuku wake, na aliyemfuata naye akajinyoosha, akatengeneza kola, akangoja kutazamwa.

Nimejaribu kupata somo kubwa kuliko hilo, kwa kuwa najua msomaji wa safu hii analitegemea, na sikulipata. Labda wenye shule watalipata. Mimi nimeona tu kwamba tulidhani miaka yote tunatii tundu, kumbe tulikuwa tunasubiri zamu ya kuonwa, kila mtu peke yake, na mtu asiyekuwa na haraka nasi. Katika mji huu milango ni mingi, ya benki, ya hospitali, ya ofisi, na kwenye kila mmoja amesimama mtu mwenye chuma au mhuri. Kama mmoja wao anasoma hapa, namwomba afanye alivyoambiwa na bibi mwenye kuku. Nami nimeanza. Nilipofika langoni, rais akaninyooshea mkono kuchukua karatasi. Nikamuuliza kwanza habari ya kioo cha basi lake, nikangoja jibu.